Shayiri Ipoe Kwanza

Jumatatu, tarehe 2

Nesi wa zahanati amenipa daftari hili leo. Niandike kila ninachokula, na mwisho wa mstari niseme kama nimetia chumvi au sikutia, kisha nimpelekee kila Jumatatu alisome. Presha yangu ni 178 kwa 104. Nilimwambia mtu wa miaka hamsini na tisa hapewi kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Akanijibu, "Mtoto wa shule haanguki na kiharusi, baba yangu." Nikachukua daftari.

Haya. Asubuhi chai na mkate. Mchana mkate na chai. Jioni chai, mkate umekwisha. Chumvi: chai haitiwi chumvi.

Aliniuliza mbona presha imeruka ghafla, maana miaka sita hii kila nikipimwa ilikuwa imetulia. Nami kila mara nilijisifu mbele yake kwamba damu ya ukoo wetu ni imara. Leo sikumjibu. Ukweli ni kwamba jana mke wangu aliondoka.

Jumanne, tarehe 3

Mayai mawili ya kuchemsha. Chumvi: ndiyo, ingawa kichupa kimeziba tena kwa unyevu, inabidi nitikise mpaka mkono uchoke.

Jumatano, tarehe 4

Mkate na ndizi. Chumvi: hapana.

Mengine si kazi ya daftari hili, lakini nyumba haina mtu mwingine wa kumwambia. Nesi, ukifika hapa ruka ukurasa.

Mama Kidoti amekwenda kukaa kwa dada yake, ng'ambo ya mto, dakika arobaini kwa basi. Hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Jumapili asubuhi alikunja nguo zake, akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, akasema, "Baba Kidoti, nimechoka. Nipe mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Siku hiyo nitakuja mwenyewe nikwambie kama narudi au sirudi. Kabla ya hapo usinifuate, wala usinipigie."

Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema, "Kama hujui, hata nikikwambia hutajua."

Nimelala nalo neno hilo siku tatu. Sinywi pombe. Sina mwanamke wa nje. Kidoti, mtoto wetu wa pekee, tuliyempa jina hilo kwa sababu ya kidoti kilicho shavuni mwake, ameolewa mwaka huu na mtu mwema. Alhamisi iliyopita tu wakwe zake walikuja kula kwetu kwa mara ya kwanza, na mambo yalikwenda vizuri, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, tena mimi ndiye niliyewachekesha.

Mimi ni fundi mizani. Muuza nyama, muuza unga, hata posta, mizani zao zote hupita mikononi mwangu. Naweza kugusa sahani ya mizani kwa kidole nikajua imezidi gramu tano. Lakini katika ndoa ya miaka ishirini na saba sijui kilichozidi ni nini, wala kilichopungua.

Ijumaa, tarehe 6

Mkate. Chumvi: hapana.

Baridi imeingia. Mti ulio mbele ya karakana, iliyoungana na nyumba yetu, umeanza kuangusha majani, na jirani yangu fundi viatu, tunayemwita Gundi, ameanza kulalamika kwamba yanamwingilia kwenye viatu vya wateja. Kila mwaka yakianza kuanguka Mama Kidoti hutengeneza saladi yake: majani ya kijani, shayiri, boga la kuokwa, tufaha, mbegu za maboga. Si kitu cha kuwekwa pembeni mwa sahani. Ni chakula cha kumshibisha mtu mzima, bakuli kubwa la bluu, tunalila siku mbili. Mwaka huu hakusubiri majani yaanguke, akaitengeneza ile Alhamisi kwa ajili ya wakwe.

Nimepata wazo. Siku atakayokuja atakuta bakuli la bluu mezani, limejaa, na mimi ndiye niliyelijaza. Sijawahi kumpikia hata yai. Nina wiki saba za kujifunza. Shayiri ni shayiri, majani ni majani, mtu aliyefungua mizani ya posta akaifunga tena hashindwi na bakuli la majani.

Jumamosi, tarehe 7

Nimeshindwa na bakuli la majani.

Nilipima kila kitu. Shayiri gramu 250, boga gramu 400, majani gramu 300, tufaha moja. Shayiri ilipoiva niliichuja, nikaimwaga juu ya majani ikiwa inatoa moshi. Majani yakalala hapohapo. Nikachanganya, yakawa kama kitambaa cha kudekia. Gundi akaja kuazima bisibisi, akachungulia bakuli, akasema, "Jamaa yangu, hicho kilikufa lini? Tuchange rambirambi?"

Nilikula hivyohivyo. Chumvi: ndiyo.

Jumapili, tarehe 8

Nilimpigia Kidoti.

"Mwanangu, ile saladi ya mama yako ya majira haya, inapikwaje?"

"Baba, wewe unapika?"

"Nauliza tu."

"Mimi sijui, baba. Mama hakunifundisha, kila mara alisema nitajua nikiwa na kwangu. Ngoja nimuulize."

"Usimwambie ni mimi."

"Sasa nimwambie nani, mzimu?"

Baada ya saa moja akanipigia. "Mama amesema, shayiri ipoe kwanza. Itandaze kwenye sinia pana, iache mpaka ukiigusa usisikie joto. Basi, amesema hivyo tu."

Nikamuuliza alisemaje, kwa sauti gani. Kidoti akasema, "Alisema kawaida, baba."

Nimefurahi mno. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika ukutani: SHAYIRI IPOE KWANZA. Mtu asiyetaka kurudi angejibu nini? Angenyamaza. Chakula: sikumbuki.

Jumatatu, tarehe 9

170 kwa 100. Nesi hakuruka ukurasa wowote. Alisoma yote huku nimekaa mbele yake, akaniambia pole. Mkate na maharage. Chumvi: ndiyo.

Jumatano, tarehe 11

Mvua ya manyunyu. Wali mkavu wa mgahawani. Chumvi: ndiyo.

Jumamosi, tarehe 14

Shayiri ilipoa. Nilikaa mbele ya sinia kama anayesubiri uji wa mgonjwa. Boga nililikata vipande vya sentimita mbili kila upande, nikavipaka mafuta, nikavioka mpaka kingo zikawa na rangi. Nilijiona bingwa. Kisha nikala: majani yalikuwa magumu, nikatafuna mpaka taya zikauma. Yale ya spinachi hayana neno, lakini yale mengine yaliyokunjamana kingo, yenye mshipa mnene katikati, ungeweza kumpa Gundi akashonea soli.

Mchana nikaenda kwa mama wa mboga sokoni. Nilipomweleza akacheka mpaka akaegemea kichanja chake.

"Unayakata tu na kula? Baba Kidoti, yale ni mpaka yakandwe! Mkeo akinunua hapa, anachukua na malimau mawili. Unatoa mshipa, unayachana kwa mkono, unayakamulia limau na mafuta kidogo, halafu unayakanda kama unavyofua kola ya shati."

"Kwa dakika ngapi?"

"Dakika? Mpaka yalainike, baba. Mkono utajua."

Mkono utajua. Miaka ishirini na saba nimekula majani yaliyokandwa na mkono wa mtu, nikadhani yameota hivyo shambani.

Jumapili, tarehe 15

Nimekanda dakika sita na nusu. Yalipungua mpaka nusu ya bakuli, yakawa meusi kidogo na yanang'aa. Vidole vimekaa na harufu ya limau mpaka sasa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilikuwa nikimwona pale jikoni mikono imezama kwenye bakuli, nami napita na gazeti, namuuliza chakula bado?

Jumatano, tarehe 18

Mkate. Muuza nyama ameleta mizani yake. Imezidisha gramu arobaini, anaapa hajui. Nimeirudisha sifuri.

Jumamosi, tarehe 21

Leo imekubali! Shayiri imepoa, majani yamelainika, boga tamu, tufaha nimelikata mwishoni lisipige weusi, mbegu za maboga nimezikaanga kavu mpaka zikaanza kuruka. Siki kijiko kimoja, asali nusu kijiko. Nilimwita Gundi tukala pamoja karakanani, sahani juu ya meza ya kazi. Alitafuna, akanyamaza, na Gundi akinyamaza jua jambo ni kubwa. "Sasa hii," akasema, "hata mimi ningerudi."

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma nikakaa kidogo peke yangu.

Chumvi: ndiyo, nilitia kabla sijaonja, kama kawaida.

Jumatatu, tarehe 23

Nesi, leo usiruke. Leo ni yako.

Presha 168 kwa 100. Alisoma daftari, akafika mstari wa Jumamosi, akaweka kidole. "Kabla hujaonja, kama kawaida?"

Nikamwambia ndiyo, Mama Kidoti ana mkono mzuri lakini chumvi haijui. Miaka ya mwanzo alipika vizuri, halafu sijui alipatwa na nini, chakula kikapooza. Kwa hiyo nikikaa mezani, kabla ya yote, mkono unakwenda kwenye kichupa. Mazoea.

Nesi akavua miwani. "Baba, mkeo hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Akanieleza. Miaka sita iliyopita nilipimwa, nikapewa vidonge, nikavitupa kwenye pipa la nje ya zahanati nikisema mimi si mgonjwa. Hilo nalikumbuka, nililisimulia karakanani kama ushujaa. Nisilolijua ni kwamba mke wangu, aliyekuwa amenisindikiza, aliviokota pipani. Alirudi hapo kesho yake akiwa na vidonge mkononi, akamuuliza nesi, mtu mbishi asiyemeza dawa atasaidiwaje? Nesi akamwambia, mpunguzie chumvi. Akasema, nikimwambia atatia mara mbili ili anionyeshe. Nesi akamwambia, basi usimwambie.

"Kila mwaka ulipokuja ukiwa umetulia," nesi akasema, "nilidhani mmeshazungumza. Nilidhani unajua unamshukuru nani."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikachukua kile kichupa cha chumvi, nikafungua kifuniko, nikakiweka chini ya kioo changu cha kukuzia. Kina matundu tisa. Sita yamezibwa kwa nta ya mshumaa, kutoka ndani, kwa ustadi, hata ukipangusa hujui. Haukuwa unyevu. Miaka sita nimekuwa nikikitikisa na kulaani unyevu, mimi, fundi ninayeona unywele kwenye sahani ya mizani.

Nikafanya ninachojua kufanya. Niliweka karatasi juu ya mizani ndogo ya kupimia dhahabu, nikaisawazisha, nikatikisa kichupa mara kumi na mbili kama nitikisavyo mezani. Gramu sifuri nukta sita. Nikazibua matundu kwa sindano, nikatikisa tena mara kumi na mbili. Gramu mbili na ushee. Tofauti ni karibu gramu moja na nusu. Kila mlo, kila siku, miaka sita. Ndicho alichokuwa akinitolea mwilini mwangu kwa mshumaa na pini, na mimi nikajisifu damu ya ukoo.

Jumanne, tarehe 24

Sikula.

Jumatano, tarehe 25

Mkate. Chumvi: sitaki kuiona.

Sasa nimeikumbuka ile Alhamisi sawasawa, na naiandika ingawa aibu inanichoma. Wakwe walikuwa wamekaa. Mama Kidoti alitoa bakuli la bluu, akaliweka katikati, akabaki amesimama kidogo, akisubiri, kisha akaketi kando ya Kidoti. Alikuwa amevaa gauni jipya. Mkono wangu ukaenda kwenye kichupa kabla sijapakua hata kijiko. Nikasema, "Wakwe zangu, chukueni chumvi, msione haya. Mke wangu anapika kama wa hospitali. Siku nikilazwa sitaona tofauti!"

Wakacheka. Baba mkwe wa Kidoti alipiga meza. Mama mkwe alijifunika mdomo. Kidoti aliangalia sahani yake. Na Mama Kidoti aliinuka akachukua jagi, akaenda kuongeza maji, na lile jagi lilikuwa limejaa.

Sisi mafundi tuna sheria moja: kabla hujaweka kitu juu ya mizani, irudishe sifuri, la sivyo itakupa uongo maisha yake yote. Mimi nilikuwa nahukumu chakula ambacho hakijagusa ulimi wangu. Mdomo umeniponza, na sikuwa hata nimelewa.

Jumamosi, tarehe 28

Nimemwaga chumvi yote ya nyumba hii, ya kopo na ya pakiti. Kifuniko cha kichupa nimekihifadhi kwenye droo ya vipuri.

Nimetengeneza saladi bila chumvi kabisa. Ilikuwa imekufa. Sikuinuka mezani. Nilikula yote, nikitafuta kilichobaki chumvi ikiondoka.

Jumatatu, tarehe 30

160 kwa 96.

Jumamosi, tarehe 5, mwezi mpya

Mti umebaki nusu. Wiki hii nimejaribu mara tatu. Ukiongeza ganda la limau lililokwanguliwa, ulimi unadanganyika kidogo. Kitunguu kikikatwa chembamba kikalala kwenye siki kwa muda, kinaamsha kila kitu. Boga likiachwa lipate weusi kidogo lina uchungu unaosaidia. Haya yote yalikuwa kwenye saladi yake. Yote! Nilikuwa nayala. Kwa hiyo hakuwa amepoteza mkono. Alikuwa akipigana na ladha mkono mmoja umefungwa, ili mimi nisijue kuna kitu kimeondolewa.

Nataka kumpigia simu nimwambie. Amesema nisimpigie. Nimeishika simu, nikaiweka kabatini.

Jumatatu, tarehe 7

154 kwa 94. Dengu, majani, limau. Chumvi: hapana.

Jumatano, tarehe 9

Vilevile.

Jumamosi, tarehe 12

Kidoti amekuja peke yake. Nilimpakulia bila kusema neno. Alikula kijiko cha kwanza, akaweka kijiko chini, machozi yakamtoka.

"Baba, hii ni ya mama."

Nikamweleza habari ya nesi, na nta, na kichupa. Hakushangaa. "Mimi nilijua, baba. Nilimkuta akiziba matundu. Aliniapisha." Akafuta uso. "Siku ile mbele ya wakwe nilitaka kusema. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza."

Nikamuuliza, mama yako yukoje? Niliuliza nikitaka aniambie amekonda.

"Hajambo. Anaimba asubuhi. Sijawahi kumsikia akiimba, baba. Yeye na mama mkubwa wanacheka mpaka majirani wanagonga ukuta." Kisha akanishika mkono. "Usiitegemee sana Jumapili ile. Nakuomba."

Nikamwambia mwanangu, mtu aliyeziba matundu sita kwa mshumaa ili nisife, anaweza kuniacha? Aliomba aongezwe.

Jumatatu, tarehe 14

150 kwa 92. Nesi amefurahi. Mimi nahesabu siku.

Ijumaa, tarehe 18

Uji wa shayiri. Gundi anasema nimeanza kunukia limau kama sabuni. Upepo siku nzima.

Jumatatu, tarehe 21

142 kwa 88.

Jumamosi, tarehe 26

Nimekwenda sokoni mapema. Mama wa mboga alinichagulia majani mwenyewe, malimau mawili, hakutaka hata nimweleze. "Kesho eh?" Kesho. Nimepangusa bakuli la bluu. Nimefagia majani mlangoni, lakini mti umebakiwa na machache, yataanguka tu. Nimefua shati.

Nimejifunza maneno ya kumwambia. Kwanza nitasema nimejua. Halafu nitasema asante. Halafu nitasema nisamehe. Asante itangulie nisamehe, ili asidhani naomba tu.

Jumapili, tarehe 27

Alifika saa nne asubuhi. Amenenepa kidogo, amesuka nywele. Aligonga mlango, na hilo ndilo lililoniambia kwanza, maana ufunguo anao.

"Karibu," nikasema, kama kwa mgeni.

Aliona bakuli. Alisimama. Kisha aliona karatasi ukutani, SHAYIRI IPOE KWANZA, akaisoma taratibu.

"Ulitengeneza wewe?"

"Keti, Mama Kidoti. Onja."

Tulikaa. Nilimpakulia, nikajipakulia. Mikono yangu nikaiweka mapajani, nikaiacha huko. Aliiangalia. Alikula kijiko, cha pili, cha tatu.

"Umeyakanda vizuri," akasema. "Na kitunguu umekilaza kwenye siki. Nani alikufundisha?"

"Wewe. Nilikuwa nakula tu bila kusoma."

Alitabasamu. Moyo wangu uliruka kama zile mbegu kikaangoni. Akala tena kidogo, akatazama huku na huku mezani.

"Baba Kidoti, chumvi iko wapi?"

Nilidhani ananijaribu. "Nimeimwaga yote. Nimejua, mama. Nesi ameniambia. Matundu nimeyaona. Asante. Nisamehe." Yakatoka yote kwa pumzi moja, ovyo, si kama nilivyoyapanga.

Akacheka, kicheko cha chini, na machozi ndani yake.

"Mimi sina presha," akasema. "Sijawahi kuwa nayo. Miaka sita nimekula chakula kisicho na chumvi kwa sababu sikutaka kupika sufuria mbili, ukagundua. Na sikutaka ule hivyo peke yako. Wewe ulikuwa na kichupa chako. Mimi sikuwa natia hata punje, nikiogopa ukiniona utasema, unaona, hata wewe unatia. Siku ya kwanza kwa dada nilipewa maharage yenye chumvi. Nililia mezani kama mtoto. Nilikuwa nimesahau."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika wiki zote hizi, kwa mizani yangu yote, nilipima kilichoingia mdomoni mwangu. Sahani yake sikuwahi kuipima.

Niliinuka, nikatoka na shati langu safi, nikagonga kwa Gundi. "Nipe chumvi." Aliniona uso, hakutania. Alinifungia kidogo kwenye kipande cha gazeti. Nilirudi nikaifungua mbele yake. Alionja saladi kwanza tena, akachukua chumvi kwa ncha za vidole, akanyunyiza, akaonja. Akafumba macho.

"Sasa imekamilika," akasema. "Tamu, Baba Kidoti. Tamu kweli."

Alikula yote, akapangusa sahani. Nilimtazama akila na nilifurahi, naapa, kwa dakika zile chache nilifurahi kama sijawahi.

Kisha akaweka ufunguo mezani.

"Sirudi."

Nikasema, "Nimebadilika."

"Naona. Nimeona kwenye majani." Alinigusa mkono. "Nimekusamehe, tena zamani, kwenye basi siku ileile. Sina kinyongo. Lakini nilikuwa nakulinda huku unanicheka, na nikaizoea hali hiyo, nikadhani ndiyo ndoa. Nikirudi hapa nitaanza tena kukuchunga. Sitaweza kujizuia. Nitakaa mezani nikitazama mkono wako. Nataka nikae mezani nile."

"Nami sitatia chumvi tena maisha yangu."

"Najua. Ndiyo maana naweza kwenda."

Nililia mbele yake. Sijawahi kulia mbele yake, hata siku tuliyomzika baba. Alikaa nami mpaka nikatulia, hakuharakisha. Nilimwambia achukue bakuli la bluu, ni lake. Akasema, "Libaki. Utahitaji la kukandia." Mlangoni akageuka, akaniuliza kama nina limau la kesho. Nikamwambia lipo moja.

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Basi lilikuja upesi.

Jumatatu, tarehe 28

132 kwa 82. Nesi alipima mara mbili, hakuamini. Akapiga makofi, akasema, "Umepona, baba! Mkeo mshukuru sana." Kisha akafungua ukurasa wa jana, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia daftari. Amesema sihitaji kuandika tena. Nimesema nitaandika leo tu.

Mti umebaki mtupu. Gundi amefagia mbele ya kwake na mbele ya kwangu.

Jioni: saladi iliyobaki jana, nusu bakuli. Kipande cha gazeti cha Gundi bado kipo mezani, na chumvi bado imo. Mkono ulitaka kwenda, nikauona unavyotaka, nikausubiri utulie.

Chumvi: hapana. Nimeonja kwanza.